Kioo Kinavyojitambulisha kwa Kompyuta: Sehemu ya Tatu

Wiki iliyopita tuliishia kwenye zile nyaya mbili za I2C ambazo draiva huzitumia kukiuliza kioo habari zake. Kioo hujibu kwenye anwani 50 ya heksadesimali, na jibu lake la kwanza lina baiti 128. Mpangilio wa baiti hizo huitwa EDID. Uliwekwa na VESA mwaka 1994 na hadi leo televisheni za HDMI zinautumia.

Baiti 8 za mwanzo hazibadiliki: 00, FF mara sita, kisha 00. Usipoziona, usiendelee kusoma. Huenda kioo hakijapata umeme au nyaya zina hitilafu. Zinazofuata mbili hubeba herufi tatu za mtengenezaji, kila herufi imebanwa katika biti 5. 4C 2D ni SAM, yaani Samsung.

Utamu uko kuanzia baiti ya 54, ukihesabu kutoka sifuri. Tuchukue kioo cha 1920 kwa 1080. Utakuta 02 3A. Baiti ndogo hutangulia, kwa hiyo zigeuze: 3A02, ambayo ni 14,850. Kipimo chake ni kilohezi 10, basi saa ya pikseli ni megahezi 148.5. Kisha 80 18 71, na hapa ndipo wengi hukwama, maana namba mbili zimegawana baiti moja. Ile 7 huwekwa mbele ya 80 ikawa 780, yaani pikseli 1920 zinazoonekana. Ile 1 huwekwa mbele ya 18 ikawa 118, yaani 280 za mapumziko zisizoonyesha kitu. Mstari mzima ni 2200. Vivyo hivyo, 38 2D 40 hutoa mistari 1080 na 45 ya mapumziko, jumla 1125. Zidisha 2200 kwa 1125, kisha gawanya 148,500,000 kwa jibu hilo: unapata 60 kamili, picha 60 kwa sekunde.

Kila mwandishi wa draiva aifanye hesabu hii kwa mkono walau mara moja. Ukikosea nusu ya baiti hapo, kioo hubaki cheusi bila kukuambia sababu.

Baiti ya mwisho ni ya ukaguzi: ukijumlisha zote 128, jumla lazima igawanyike kwa 256 bila baki. Lakini ukaguzi huo huthibitisha tu kwamba data imefika salama. Kiwanda kikiandika vipimo vya uongo, uongo nao utafika salama. Ndiyo maana kerneli ya Linux ina orodha ya vioo vinavyojulikana kwa kujieleza vibaya, pamoja na namna ya kuvirekebisha.

Vioo vya simu vinavyounganishwa kwa MIPI DSI kwa kawaida havina EDID. Vingi hujibu amri DA, DB na DC, kila moja kwa baiti moja ya utambulisho. Vipimo vyote vingine huandikwa ndani ya draiva. Simu ya aina moja ikiwa inafungwa vioo vya viwanda viwili, baiti hizo tatu ndizo huiwezesha draiva kuchagua mfuatano sahihi wa amri za kukiwasha kioo kilichomo.