Mlima ulivyonifunza maana ya kushinda

Jirani yangu hapa Embu alinijia jioni moja akiwa amekunja uso. Binti yake alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walioingia Gredi ya 10 mwezi Januari 2026. Kati ya mikondo mitatu iliyowekwa mbele yake, yaani ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, na ule wa sanaa na sayansi ya michezo, alikuwa amechagua huu wa mwisho kwa sababu anapenda kukimbia.

"Daktari," akasema, "wewe umesoma ukamaliza. Nisaidie kumwambia mtoto huyu kwamba mchezo ni mchezo tu. Hauliwi."

Nilimwomba anipe siku chache nitafakari. Sikutaka kumjibu mzazi kwa maneno ya mkato, na isitoshe swali lake lilikuwa limenigusa mahali asipopajua.

Ndugu msomaji, mimi si mwanariadha. Sijawahi kuvishwa nishani wala kushangiliwa na mtu uwanjani. Mchezo niupendao ni kupanda milima, na mlima wangu ni huu ambao sisi Wameru huuita Kirimara na majirani zetu Wakikuyu huuita Kirinyaga. Vilele vyake vikuu ni vitatu: Batian wenye mita 5,199, Nelion wenye mita 5,188 na Lenana wenye mita 4,985. Viwili vya kwanza huhitaji kamba na ustadi wa kukwea miamba. Lenana hufikiwa na mtu yeyote mwenye miguu mizima na subira. Miguu nilikuwa nayo. Subira sikuwa nayo.

Mwaka 2001, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka ishirini, nilifunga safari na wenzangu wawili kutoka Chogoria. Tulikuwa na kiongozi mmoja mzee na mpagazi kijana. Tulipita msitu na mianzi, tukalala karibu na lango la hifadhi, kwenye mita 3,000 hivi. Kesho yake, badala ya kufuata shauri la kiongozi la kupumzika siku moja, nikawahimiza wenzangu twende mbele. Jioni tukawa juu ya mita 4,000. Usiku huo kichwa kiliniuma kana kwamba kinapasuliwa kwa shoka, nikatapika hata nikakosa cha kutapika.

Yule mzee alinimulika usoni kwa tochi, akasema: "Mwanangu, wewe utashuka sasa hivi." Nilibisha. Nililia. Hatimaye nilishuka gizani nikishikwa mkono na mpagazi kama mtoto mdogo, na kila tulipozidi kushuka ndivyo maumivu yalivyozidi kuniachilia. Wenzangu walifika Lenana alfajiri, na picha yao ikabandikwa ukutani bwenini. Kila nilipoipita niliinamisha macho.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba lugha yetu ilikuwa na fundisho nililolikosa siku ile. Tazama neno "mazoezi". Limetokana na kitenzi kuzoeza, nacho kimetokana na kuzoea. Kwa hiyo Kiswahili hakisemi kwamba mazoezi ni kujitesa wala kushindana. Kinasema kwamba ni kuuzoeza mwili jambo usilolijua. Mlimani ukweli huu haufichiki. Karibu na kilele cha Lenana, oksijeni inayopatikana katika kila pumzi hukaribia nusu tu ya ile anayoivuta mtu wa Mombasa. Mwili huweza kuzoea hali hiyo, lakini huzoea kwa ratiba yake wenyewe. Ndiyo sababu wajuzi hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 300 hadi 500 kati ya malazi ya usiku mmoja na mwingine. Mimi nilikuwa nimepandisha zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja.

Nilirudi mwaka 2003. Mara hiyo nilitumia siku tano, nikienda mwendo wa kinyonga, na kiongozi alikuwa yule yule mzee. Nilifika Lenana jua likichomoza. Ajabu ni kwamba furaha niliyoitazamia haikuwa kubwa kama nilivyodhani. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba katika siku zile tano sikuwa nimeharakisha hata hatua moja.

Somo hilo lilikuja kuniokoa nilipokuwa nikiandika tasnifu ya uzamifu. Msimamizi wangu aliirudisha sura ya tatu mara nne. Mara ya nne nilitaka kuacha kabisa. Nikakumbuka tochi ya yule mzee. Methali isemayo "mpanda ngazi hushuka" aghalabu huambiwa mtu mwenye kiburi, ila kwa mpanda mlima ni shauri la uhai: ukishuka leo, unaweza kupanda tena mwakani. Nikaishusha hoja yangu hadi mwanzo, nikaijenga upya, sura ikapita.

Historia ya mlima huu ina ushahidi mwingine. Mwezi Januari 1943, mateka watatu wa Kiitaliano walitoroka katika kambi ya Waingereza huko Nanyuki. Waliongozwa na Felice Benuzzi, aliyekuwa ameutazama mlima kutoka nyuma ya seng'enge hata akashindwa kuvumilia. Vifaa vyao vya kukwelea walivitengeneza kwa siri kutokana na vyuma chakavu. Batian iliwashinda, lakini wawili kati yao walifika Lenana. Kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao na kujisalimisha. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke, na wakatumikia siku saba tu kwa kuwa mkuu wa kambi alikiri kwamba walikuwa wameonyesha moyo wa kimichezo. Hawakupata mali wala uhuru. Walipata kuwa watu tena, baada ya muda mrefu wa kuwa mateka.

Nasi tunaye Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera ya Kenya mlimani humo usiku wa uhuru, Desemba 1963. Taifa lilimjua kwa usiku ule mmoja, ilhali tangu miaka ya hamsini alikuwa amekwisha kuzipanda njia za mlima huo, bila bendera wala mpiga picha.

Narudi kwa jirani yangu. Nilipokutana naye tena nilimwambia kweli tupu: wengi wa wanaokimbia hawatalipwa kwa kukimbia, na binti yake huenda akawa mmoja wao. Mwalimu anayemwahidi mwanafunzi nishani anamdanganya. Lakini nilimwomba alifikirie neno letu "kushinda". Kushinda ni kumpita mwenzako, na vilevile kushinda ni kukaa mahali kutwa nzima, ndiyo maana jioni tunaulizana, "Umeshindaje?" Sidai kwamba nimegundua asili ya neno hilo. Nasema tu kwamba michezo imenifunza kuzisikia maana hizo mbili pamoja. Mtoto anayerudi uwanjani kila alfajiri, hata katika msimu ambao hakuchaguliwa kuingia timu, ameshinda uwanjani kwa maana ya pili, na maana hiyo hakuna mwamuzi awezaye kumnyang'anya. Atakwenda nayo darasani, kazini na hata katika ugonjwa.

Kwenu walimu wenzangu ninalo ombi. Msiupime mchezo wa mwanafunzi kwa vikombe vilivyo katika kabati la mwalimu mkuu pekee. Mkiwapeleka vijana mlimani, nendeni na kiongozi anayejua njia, mwape siku za kutosha, na anayetaka kushuka ashuke bila kuchekwa. Nanyi wanafunzi, msiache vitabu kwa ajili ya mchezo. Lakini msikubali kuambiwa kwamba saa mnazozitumia kwa kitu mnachokipenda, kwa nidhamu, ni saa zilizopotea.

Jirani yangu alinyamaza kwa muda, akiutazama mlima ambao mawingu yalikuwa yameanza kuufunika. Kisha akaniuliza viatu vya kukimbilia huuzwa shilingi ngapi.