Supu ya mboga ya usiku na kalori zake

Mboga nyingi zinazotiwa kwenye supu ni maji kwa zaidi ya asilimia 85, na ndiyo maana supu yenyewe huwa nyepesi. Gramu 100 za kabichi mbichi zina kilokalori zipatazo 25, boga 26, nyanya 18 na karoti 41. Kinachoongeza kalori ni vinavyofuatana na mboga. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori 120 hivi, na kikombe cha tui zito hupita 400. Mafuta yakimiminwa bila kupimwa, yanaweza kuzishinda mboga zote za sufuria.

Kwa watu wanne hutosha gramu 300 za boga, 300 za nyanya, 200 za karoti, 200 za kabichi, 100 za mchicha na kitunguu maji kikubwa kimoja. Kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta, kila mtu hupata kilokalori 100 hivi. Mafuta hayo kidogo yana kazi, kwa sababu betakarotini ya karoti, boga na mchicha hufyonzwa vizuri mwilini ikiandamana na mafuta.

Kitunguu hukaangwa kwa moto mdogo, sufuria ikiwa imefunikwa. Kikianza kushika chini, huongezwa maji kidogo badala ya mafuta. Hufuata kitunguu saumu na tangawizi, kisha nyanya, ambazo huachwa mpaka zirojeke. Hapo ndipo ladha ya supu hujengwa, na mpishi anayeharakisha hatua hii huishia na maji ya moto yenye mboga. Karoti na boga hutiwa pamoja na lita moja ya maji ya moto, zichemke taratibu kwa dakika 10 hadi 15. Kabichi huingia baadaye, na mchicha dakika 2 au 3 za mwisho, maana vitamini C huharibiwa na joto. Madini yanayotoka kwenye mboga hayapotei, kwa kuwa maji yake hunywewa. Mgonjwa wa figo aliyeagizwa kupunguza potasiamu anapaswa kulikumbuka hilo na kumuuliza daktari wake kwanza.

Uzito wa supu hupatikana kwa kuponda sehemu ya boga kwa mwiko. Unga wa ngano hauhitajiki. Chumvi nayo ipimwe: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na viungo vya mchuzi vya pakiti mara nyingi huwa na chumvi nyingi tayari. Maji ya ndimu na kotimiri, vikitiwa sufuria ikishaepuliwa, hufanya chumvi kidogo itoshe.

Supu hushibisha kuliko kalori zake zinavyoonyesha. Mwaka 1999, Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, waliwapa wanawake chakula cha kuku na wali kikiwa kikavu, kikiwa na bilauri ya maji kando, na kikiwa kimechanganywa na maji hayo hayo kuwa supu. Walipokunywa supu, walipunguza kula katika mlo uliofuata. Maji ya kando hayakuleta tofauti hiyo.

Hata hivyo, mboga peke yake zina protini chache, na njaa inaweza kurudi kabla ya kulala. Gramu 100 za adesi nyekundu kavu, zikitiwa pamoja na karoti, humwongezea kila mlaji gramu 6 hivi za protini na kilokalori zisizofika 100. Hesabu hiyo bado ni nafuu kuliko kuteremshia supu kwa chapati za kusukuma, ambazo moja tu inaweza kuwa na kalori mara mbili ya bakuli la supu.

Supu iliyobaki iingizwe kwenye friji kabla ya saa mbili kupita, katika vyombo vifupi ili ipoe upesi, na ikipashwa moto ichemke kabisa.