Gari Lichemshalo kwa Vipindi: Chanzo Kitafutweje?

Gari huweza kwenda vizuri kutwa nzima, likachemsha ghafla, na likiisha kupoa likaendelea na safari kana kwamba halina kasoro. Ugonjwa huu hautibiwi kwa kubadilisha vipuri ovyo. Yafaa kwanza kuuliza: huchemsha wakati gani?

Likichemsha linapotambaa katika msongamano, lakini likapoa likienda kasi, ichunguzwe feni na mkanda wake. Kwani katika mwendo wa kasi upepo wenyewe huipoza rejeta. Likichemsha linapopanda mlima, kama vile Kitonga katika barabara ya Iringa, huenda rejeta imeziba, na joto lizalishwalo linashinda liondolewalo.

Likichemsha pasipo utaratibu wowote, themostati yashukiwa. Vali hii hufunguka maji yafikapo nyuzi 82 hadi 90 hivi za Sentigredi. Ikikwama, maji hayapiti kwenda kwenye rejeta. Mwanafunzi aweza kuijaribu katika sufuria ya maji yanayopashwa moto, huku akisoma kipimajoto.

Kifuniko cha rejeta nacho kikaguliwe. Kazi yake ni kuongeza kanieneo, ili maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Kikilegea, maji hupotea kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo, kisifunguliwe kamwe injini ingali moto: kanieneo ikishuka ghafla, maji hufoka pamoja na mvuke na kumwunguza vibaya afunguaye.