Koili Kubwa katika Injini ya Turbo: Yafaa Lini?

Vijana wengi wa siku hizi huzipenda mno motokaa zenye turbo, wala si ajabu, maana ni mitambo ya werevu mwingi. Magari mengi ya namna hiyo huletwa Afrika Mashariki kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika miaka kadhaa. Injini ikianza kukohoa, aghalabu mwenye gari huambiwa, "Tia koili zenye nguvu zaidi, utaona litakavyoruka." Naye hununua, hulipa, na pengine gari halibadiliki hata kidogo. Nia ya makala haya ni kueleza koili ni kitu gani, na ni wakati gani yafaa kuibadili kwa iliyo kubwa zaidi, ili fedha ya mzazi isipotee bure.

Betri ya motokaa hutoa volti 12 tu, na volti 12 haziwezi kuruka hata nafasi ya unene wa unywele. Lakini cheche ya plagi yahitaji maelfu ya volti. Kazi ya koili ni kuzikuza volti hizo chache. Ndani yake mna nyaya mbili za shaba zilizozungushwa juu ya chuma. Wa kwanza ni mnene, wenye mizunguko michache. Wa pili ni mwembamba sana, wenye mizunguko maelfu mengi. Umeme wa betri ukipita katika waya wa kwanza, chuma huwa sumaku. Umeme ukikatwa ghafula, nguvu ya sumaku hutoweka, na kule kutoweka huamsha umeme mkali katika nyaya zote mbili. Kanuni hii iligunduliwa na Michael Faraday huko London mwaka 1831. Tuseme waya wa kwanza umepata volti 400, na wa pili una mizunguko mara 100 zaidi. Hesabu ni nyepesi: 400 mara 100 ni 40,000.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wao hudhani kwamba koili ya volti 40,000 hupeleka volti 40,000 katika kila cheche. La, sivyo. Mfano wake ni mtu arukaye mfereji. Hata awe hodari wa kuruka hatua sita, mfereji ukiwa wa hatua mbili ataruka mbili tu, maana amekwisha fika ng'ambo. Kadhalika volti hupanda mpaka pale zinapotosha kuuvuka mwanya wa plagi, kisha cheche hutokea na volti huacha kupanda. Kwa hiyo, kama koili ya zamani yavuka mwanya vizuri kila mara, koili kubwa haitaiongezea injini nguvu ya maana. Nguvu ya injini hutokana na hewa na petroli. Cheche ni kiberiti tu.

Basi, turbo yaingiaje katika habari hii? Turbo ni magurudumu mawili yenye mapanga, yaliyounganishwa kwa mtaimbo mmoja. Moshi utokao injini hulizungusha la kwanza, na la pili huisukuma hewa kwa nguvu kuingia katika silinda. Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyeomba hati ya uvumbuzi huo mwaka 1905. Hewa ikiingia maradufu, petroli nyingi zaidi huweza kuchomwa, na gari hupata nguvu. Lakini hewa iliyosongamana huuzuia umeme usiruke. Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volti zinazohitajika hutegemea mambo mawili yakizidishwa pamoja: mgandamizo wa hewa na upana wa mwanya. Kwa kadiri, mgandamizo ukiwa mara mbili katika mwanya ule ule, volti zinazohitajika nazo hukaribia mara mbili. Watu husema ati turbo "huizima cheche kwa upepo." Mara nyingi ukweli ni kwamba umeme umeshindwa kuruka, ukatafuta njia nyingine penye ufa.

Tutazame mfano mmoja ujulikanao sana: gari la Nissan Skyline GT-R, lililotengenezwa Japani na injini ya RB26DETT tangu mwaka 1989 mpaka 2002. Injini hiyo ina silinda 6, ujazo wa sentimita za mchemraba 2,568, turbo mbili, na koili 6, moja kwa kila plagi. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 50 kwa sekunde, na zote pamoja 300. Lau koili ingekuwa moja tu, ingepata kama sehemu 3 za elfu za sekunde kwa kila cheche. Kwa kuwa kila plagi ina koili yake, nafasi ni sehemu 20 za elfu. Huo ni wakati wa kutosha kabisa wa kuijaza koili nguvu ya sumaku.

Shida ya koili hizo ni uzee. Zimekaa juu ya injini, chini ya kifuniko, zikiokwa kwa joto miaka mingi, hata plastiki yake hupasuka. Wenye magari hayo wengi huweka koili za GT-R mpya zaidi iliyotoka mwaka 2007, na huona faida kweli. Lakini tupime sababu. Wengine wameongeza mgandamizo wa turbo kupita ule wa kiwandani, na hao wanazihitaji hasa. Wengine wameondoa tu koili iliyochoka wakatia nzima. Hata mpya ya aina ile ile ingeliwafaa.

Mwenye gari afanyeje basi? Dalili ya cheche kushindwa ni injini "kumisi," kama mafundi wasemavyo, wakati wa kupanda mlima au kukanyaga mafuta kwa nguvu, ingawa ikisimama hunguruma vizuri. Afuate mpango huu:

Kwanza, atazame plagi. Plagi kuukuu ni bei nafuu kuliko koili, nayo huchakaa na mwanya wake hupanuka.

Pili, apime mwanya. Kutoka milimita 1.1 mpaka 0.8 ni badiliko dogo kwa macho. Lakini kama mgandamizo umezidi mara 2, volti zinazohitajika zitazidi mara moja na nusu hivi badala ya mbili. Asipunguze kupita kiasi, maana cheche fupi mno huwasha vibaya.

Tatu, injini ikiwa imezimwa, abadilishane koili ya silinda moja na ya nyingine. Kumisi kukihama pamoja na koili, mgonjwa amepatikana. Kusipohama, atafute kwingine: plagi, nyaya, au petroli.

Yote hayo yakiwa sawa, na turbo imeongezwa mgandamizo, hapo koili kubwa yafaa. Hata hivyo fundi azingatie mambo. Kila koili ina muda wake wa kujazwa umeme: ukipungua, cheche huwa dhaifu, ukizidi, koili huungua. Tena koili nyingine zina swichi ya kielektroniki ndani, na nyingine hutegemea swichi iliyo nje. Kuzichanganya ni kuharibu mali. Waya wa ardhi nao uwe safi na ushikwe imara. Wala mtu asiguse koili injini ikinguruma. Makumi ya maelfu ya volti si mchezo.

Kupuuza nako ni hasara. Petroli isiyowaka hutoka na moshi, ikaenda kuwaka katika chombo cha kusafishia moshi na kukiyeyusha, na chombo hicho ni ghali kuliko koili nyingi.

Wanafunzi wenzangu, somo la sumaku tunalolisoma darasani ndilo hili hili lililomo katika motokaa ya jirani. Anayelijua ataweza kumwuliza fundi, "Umepima nini?" kabla ya kutoa fedha. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tupime kwanza, tuandike tulichokiona, ndipo tununue.