Tuwafungulie Vijana Uwanja wa Ngoma

Mavuno yakiisha, Usukumani huwa ni wakati wa ngoma. Kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti watu hukusanyika kucheza na kushindana. Lakini kipo kikundi ambacho mpiga ngoma ni mzee, manju ni mzee, na wachezaji karibu wote wana mvi. Vijana wanasimama pembeni, wanatazama kidogo, halafu wanakwenda zao.

Je, mpiga ngoma huyo akifariki, nani atashika vijiti vyake? Mapigo ya ngoma hayauzwi dukani. Yamo mikononi mwa mtu. Akiondoka bila kumfundisha mwingine, yanaondoka naye.

Zamani vijana waliingiaje?

Chukua mfano wa bugobogobo, ngoma ya majembe. Watu walilima pamoja, wamejipanga mstari, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja. Kijana alikwenda kulima, akajikuta anajifunza kucheza. Hakuna aliyemwalika. Kazi yenyewe ilimwingiza.

Siku hizi wengi wanalima kwa plau la ng'ombe, na wengine kwa trekta. Watoto wako shuleni. Vijana wengine wako mjini wanatafuta riziki. Njia ile ya shambani imekuwa nyembamba. Basi, tukikaa tukingoja vijana waje wenyewe, tutangoja sana. Inafaa tuwaite.

"Vijana wataharibu ngoma"

Wazee wengine husema hivyo. Tuwasikilize, maana wanalinda mali ya wote. Lakini tutazame na historia.

Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Wagika na Wagalu. Vilianza katika karne ya 19, na waanzilishi wake walikuwa wawili, Ngika na Gumha. Vikishindana, vikundi viwili hucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji ndio waamuzi. Wanakimbilia upande unaowapendeza, na wakichoka wanahamia wa pili. Chenye watu wengi ndicho kinachoshinda. Mashindano hayo hufanyika pia Bujora, karibu na mji wa Mwanza, katika sikukuu ya Bulabo mwezi wa Juni.

Sasa, kikundi kinachocheza mambo yale yale kila mwaka kitawavuta watu? Hakiwezi. Kwa hiyo vikundi vilitafuta mambo mapya: wimbo mpya, vazi jipya, mchezo mpya. Wengine waliingia uwanjani na nyoka hai, watu wakashangaa! Jambo jipya si adui wa ngoma hii. Ndilo lililoikuza. Na hao wazee wa leo walikuwa ndio vijana wa jana.

Mambo ya kufanya

1. Mpeni kijana kazi ya kweli. Kikundi kingine humpokea kijana, halafu kila siku kinamtuma maji na kumbebesha ngoma. Huyo atachoka. Siku ya kwanza aguse ngoma. Mwekeni karibu na mzee mmoja wa kumfundisha.

2. Pangeni saa nzuri ya mazoezi. Mzazi anaogopa binti yake kurudi usiku. Fanyeni mazoezi Jumamosi alasiri, mmalize kabla jua halijazama. Pombe isiwepo mazoezini. Waendeeni wazazi nyumbani, muwaeleze.

3. Mkosoeni kwa upole. Kijana akikosea hatua mbele ya watu, msimcheke. Mwiteni pembeni, mwonyesheni tena. Akichekwa leo, kesho haji.

4. Gaweni fedha wazi. Mkialikwa arusini mkalipwa, andikeni daftarini: zimeingia ngapi, zimetumika ngapi, kila mtu kapata ngapi. Kijana aliyecheza naye apate haki yake. Vikundi vingi huvunjika kwa ugomvi wa fedha.

5. Wasikilizeni. Kijana akileta wimbo mpya, mwacheni auimbe mazoezini. Ukifaa, uchezwe. Usipofaa, aambiwe sababu. Katika kamati ya kikundi wawemo vijana angalau wawili, mvulana na msichana.

Na vijana nao wana wajibu. Kufika kwa saa, kuwaheshimu wakubwa, na kujifunza ya zamani kabla ya kuongeza ya kwao. Asiyejua pigo la kwanza hawezi kutengeneza la pili.

Kalamu isaidie ngoma

Wewe uliyehitimu kisomo una kazi hapa. Nunua daftari. Kaa na manju, andika maneno ya nyimbo zake, moja moja. Andika wimbo ulitungwa na nani, na uliimbwa lini. Pigo la ngoma ni gumu kuliandika, hilo litafunzwa kwa mikono. Lakini maneno yanaandikika, na kijana atayasoma hata mzee akiwa hayupo.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara iliyoitwa ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mambo hayo mawili yaliwekwa chini ya paa moja. Nasi tuyaweke katika uwanja mmoja, kabla vijiti vya yule mzee havijakosa mtu wa kuvipokea.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika kikundi cha kijiji chako, wako vijana wangapi?
2. Ni kitu gani kinawazuia wengine kuingia?
3. Ni nyimbo zipi zinajulikana na mtu mmoja tu? Nani ataziandika?