China: Ufunguo Uko Juu

China ina eneo la takriban kilomita za mraba milioni 9.6 na watu wapatao bilioni 1.4, na inapakana na nchi 14. Kaskazini hulimwa ngano, kusini mpunga. Mito yake mikubwa ni Yangtze na Mto Manjano. Hayo ramani inatosha kuyaeleza. Jambo linalostahili muda wa msomaji wa Machakos ni jinsi nchi kubwa hivyo inavyotawaliwa kutoka mkoa hadi jiji, wilaya, tarafa na kijiji. Kuanzia mkoa hadi tarafa, kila ngazi ina wakubwa wawili, yaani mkuu wa serikali na katibu wa Chama cha Kikomunisti, na neno la mwisho ni la katibu. Kwa kawaida kiongozi wa wilaya hatoki katika wilaya anayoiongoza. Sisi tunamjua Kamishna wa Kaunti anayeletwa kutoka kwingine, lakini gavana tunampigia kura wenyewe. Kule kiongozi wa wilaya hupandishwa cheo au kushushwa na walio juu yake, na kutokana na hilo huja mengine yote.

Serikali za mikoani na chini yake ndizo hutumia zaidi ya asilimia 80 ya fedha za umma: shule, hospitali na pensheni ni mzigo wao. Mtu angedhani kwamba anayebeba mzigo ndiye pia anayesema. Sheria ya kamati za vijiji ya mwaka 1998 inataka hesabu za kijiji zibandikwe mahali ambapo kila mkaazi ataziona, na tangu Mei 2008 kuna kanuni zinazoziagiza ofisi za serikali kutangaza habari zao. Pembeni ya kanuni hizo ipo Sheria ya Siri za Taifa ya 1988, iliyorekebishwa 2010 na tena 2024, ambapo ziliongezwa "siri za kazi": mambo yasiyofikia kuwa siri ya taifa lakini ambayo ofisi inaona yataleta madhara yakitoka. Hivyo bei ya saruji ya kisima cha kijiji iko ukutani, na habari ya maradhi iko kabatini. Tarehe 27 Januari 2020 meya wa Wuhan, Zhou Xianwang, alieleza kwenye televisheni ya taifa kwamba serikali yake ingeweza kutangaza habari za ugonjwa mpya baada tu ya kupewa idhini. Mwaka 2003 pia, wakati wa ugonjwa wa SARS, ukweli ulichelewa hadi waziri wa afya na meya wa Beijing wakaondolewa. Aliye karibu na mgonjwa anajua, ila ufunguo hauko mikononi mwake.

Watetezi wa mfumo huu husema China inakabiliana na Marekani, na anayekabiliwa hawezi kuacha milango wazi. Hoja hiyo ina uzito. Uhusiano wenyewe wa nchi hizo mbili ulianza kwa siri, Kissinger, mjumbe wa Marekani, alipofika Beijing Julai 1971 kupitia Pakistan. Na Julai 2020 Marekani ilifunga ubalozi mdogo wa China mjini Houston ikidai ujasusi, China ikajibu kwa kuufunga wa Marekani mjini Chengdu. Lakini takwimu za vijana wasio na kazi, zilizofikia asilimia 21.3 Juni 2023 kisha zikasitishwa kwa miezi kadhaa, zilikuwa zikifichwa ili nani asizione? Aliyezikosa kwanza ni mzazi wa Kichina anayeamua mwanawe asomee nini. Wengine watataja mamia ya mamilioni waliotoka katika umaskini. Ni kweli, ila mageuzi ya uchumi yaliyowatoa yalianzia pia kwa wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, mkoani Anhui, waliogawana mashamba kwa mapatano ya siri mwaka 1978. Wale wa chini walikuwa wanajua kilichoshindikana kabla ya wale wa juu kukubali.

Siri hizo hazikuishia China. Reli ya SGR inayopita Athi River, katika kaunti yetu, ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China ya mwaka 2014, na mikataba ilimtaka mkopaji asifichue masharti bila idhini ya maandishi ya mkopeshaji. Ibara ya 35 ya Katiba yetu, ya haki ya kupata habari, ilikuwepo tangu 2010 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari tangu 2016, lakini ilibidi wananchi waende mahakamani. Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru mikataba itolewe Mei 2022, na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaitoa Novemba mwaka huo. Usimlaumu mkopeshaji peke yake. Mkataba ulitiwa saini na Mkenya, na Mkenya ndiye aliyeufungia. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti hutangazwa kila mwaka, bure, na ni wangapi kati yetu waliofungua ile ya Machakos? Mwanakijiji wa China hana gavana wa kumwondoa kwa kura wala mahakama ya kumlazimisha katibu wa chama. Sisi tunavyo vyote viwili, na bado wengi wetu hutoka kwenye mkutano wa bajeti ya wadi bila kuuliza kandarasi ya barabara ilipewa nani na kwa shilingi ngapi.