Eksirei safi haitoshi aliyegonga kichwa

Sisi wa Pwani tukipanda basi kwenda Nairobi twapita Makindu, na ajali ikitokea sehemu hizo majeruhi wengi hukimbizwa hospitali ya hapo. Mola atuepushie. Lakini tuelewane kuhusu picha.

Eksirei huonyesha mfupa uliovunjika. Damu inayovuja ndani ya ubongo haionyeshi. Hiyo huonekana kwa siti-skani, inayopiga miale kutoka pande nyingi. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, na huweza kuonyesha damu iliyovujia tumboni.

Kwa hivyo jamaa aliyegonga kichwa akianza kutapika, kusinzia ovyo au kuchanganyikiwa, msitulie kwa kuwa eksirei ilitoka safi. Mrudisheni upesi, mumuulize daktari kuhusu siti-skani. Ajali haina kinga. Kuchelewa kuna kinga.